Dawati Lililomtosha Mwalimu

Mume wangu ni seremala, na kazi yake kubwa ni madawati ya shule. Mimi ni mshonaji. Nashona nyumbani, chumba cha nyuma, na cherehani yangu huanza kelele kabla chai haijapoa. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, hukaa sebuleni na redio yake akipokea wageni. Wageni wa Bibi hawaishi. Anayekwenda sokoni huingia kusalimia, na akirudi huingia tena kueleza alichokiona.

Halafu yuko binti yetu. Tulimpachika jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alisoma kila kitu chenye herufi: mifuko ya unga, vibandiko vya nyuzi zangu, vipande vya magazeti alivyofungiwa baba yake misumari. Alisoma kwa sauti, tena alitaka majibu. Ukimjibu swali moja, ana jingine mdomoni. Nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, hebu niache nivute pumzi." Sikujua kwamba ipo siku nitayatafuta maswali yale nisiyapate.

Chiriku ana pumu. Mwaka huo barabara inayopita kando ya shule yake ilichimbwa, na vumbi likaingia madarasani kama mwanafunzi mgeni. Tulimkimbiza hospitali zaidi ya mara moja. Daktari akasema mtoto asikae kwenye vumbi mpaka ujenzi wa barabara umalizike. Tukakubaliana na shule asomee nyumbani. Mwalimu wake wa darasa angetuletea masomo, na siku moja moja angekuja kumtazama. Mwisho wa mwaka angefanya mtihani ule ule wa wenzake. Akifaulu, anapanda nao darasa. Akishindwa, anarudia.

Chiriku aliuliza jambo moja tu.

"Nikifaulu, nitakaa tena na Kidoti?"

Kidoti ni rafiki yake, wamekaa dawati moja tangu wanajifunza kushika kalamu. Nikamwambia ndiyo, atakaa naye.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba mtoto anahitaji mahali pa kusomea. Meza, kiti, basi. Akajipiga kifua.

"Niachie mimi, Mama Chiriku. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mwanamume akikwambia niachie mimi, usimwachie. Mimi nilimwachia.

Alichokileta hakikuwa meza. Alileta shule. Kwanza alitoa sofa sebuleni na kulisukumia mwisho wa korido, chini ya dirisha la uani. Kisha vijana wake wa karakana wakaingiza dawati la mbao ngumu, la benchi na meza vilivyoungana, wakihema kama waliobeba gari. Lilikuwa dawati la kweli, sawa na yale anayowapelekea wakuu wa shule. Akaliweka katikati ya sebule, likitazama mlango, ili kila anayeingia alione. Ukutani akapigilia ubao mweusi. Chini ya ubao akaweka boksi zima la chaki. Nilipodhani amemaliza, akaning'iniza kipande cha chuma mlangoni na kumkabidhi Bibi kifimbo.

"Hii ni kengele," akasema.

Bibi aliipenda kengele ile kupita kiasi. Aligonga asubuhi. Aligonga saa ya kula. Baadaye akawa anagonga hata wageni wake wakiaga.

Basi tukaanza masomo. Mimi ndiye mwalimu, nikitoka kwenye cherehani kila nikipata mwanya. Nampa Chiriku hesabu, narudi kumalizia pindo la sketi, nakuja kutazama. Nikija, nakuta hesabu haijaguswa. Yupo mgeni wa Bibi amekaa pembeni, naye ameamua kuwa mkaguzi wa elimu.

"Haya, wewe unayesomea nyumbani kama mtoto wa mfalme. Saba mara nane?"

Chiriku huinuka, hutoa shikamoo, hujibu, hukaa. Kabla hajashika kalamu, mgeni mwingine yuko mlangoni. Anainuka tena. Nilimwomba Bibi apokee wageni barazani. Akaniuliza tangu lini mgeni akaachwa nje kama kuku. Nikarudi kushona. Kwa mama mkwe, utasema nini?

Mchana mume wangu hutoka karakana kuja kukagua shule yake. Huingia na unga wa mbao kichwani, mabegani, hadi kwenye nyusi. Humwinamia mtoto, humpigapiga mgongoni. Kisha huchukua chaki na kuandika hesabu ubaoni, kubwa kubwa, akifuta kwa kitambaa kikavu. Hapo hurudi kazini akiwa na furaha tele. Sisi tunabaki tukikohoa.

Ndiyo, Chiriku alianza kukohoa tena. Mimi nililaumu barabara. Barabara ilikuwa mbali na kwetu, lakini niliilaumu tu.

Mwandiko wake ukaharibika. Herufi zilipanda mlima na kushuka bonde. Kila baada ya muda mfupi alijinyoosha, akajikunja, akakalia mguu mmoja, kisha mwingine. Nilimwambia atulie. Nikamwambia tena. Siku nyingine nilimgombeza mpaka sauti yangu mwenyewe ikanichosha. Asubuhi Bibi akigonga kengele, mtoto anasema tumbo linamuuma. Kengele ikinyamaza, tumbo linapona.

Na hakusoma tena mifuko ya unga. Siku moja nilinunua kibiriti chenye maandishi mapya, nikakiweka mbele yake kwa makusudi. Alikitazama, akakisukuma kando.

Hasira zilinipanda. Nikamwuliza anataka nini. Baba yake amemjengea shule nzima, mimi naacha kazi za watu kwa ajili yake, na yeye anajinyonganyonga tu kama mchicha uliokosa maji. Alinitazama, macho yamejaa.

"Mama, Kidoti asinisubiri," akasema. "Akili zangu zilibaki shuleni."

Nilirudi kwenye cherehani. Nilikanyaga pedali bila kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na mwisho wa hasira ile kulikuwa na woga. Mtoto akirudia darasa, atapanda mwaka ujao. Lakini mtoto akishaamini hana akili, nani atamrudishia?

Mwalimu alikuja katika siku mbaya kuliko zote. Bibi alikuwa na wageni, redio ilikuwa ikitangaza vifo, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mkanda wa kupimia shingoni, nikifoka kuhusu hesabu za kugawanya. Ni mwanamke kijana, mtulivu, na ana tabia ya kungoja mtu amalize kusema hata kama anachosema ni upuuzi. Alisalimia wote. Akamwamkia Bibi kwa heshima. Kisha akasema amechoka kwa kutembea, anaomba kukaa. Kwa kuwa viti vyote vilikuwa na wageni, akakaa kwenye dawati la Chiriku.

Alikaa vizuri sana. Miguu ilikanyaga sakafu, viwiko vikatua mezani, mgongo umenyooka. Akatabasamu.

"Mama Chiriku, dawati hili limenitosha kabisa."

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilianza kuona kitu.

Wakati huo huo mume wangu akaingia, mweupe kwa unga wa mbao, akauliza mwalimu anaionaje kazi. Mwalimu alipitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Alisema ni kazi safi, na dawati lile litadumu kuliko sisi sote. Mume wangu akavimba kwa fahari. Ndipo mwalimu akainuka na kumwomba Chiriku akae.

Chiriku akakaa. Miguu yake ikaning'inia hewani. Ukingo wa meza ulimfika karibu na kwapa, na ili aweke mikono juu yake ilibidi mabega yapande mpaka masikioni. Nilikuwa nimemwona hivyo kila siku. Nilikuwa nimemwona, nikamwambia atulie.

"Baba Chiriku, mtu akikuagiza mlango, huwa unaanzia wapi?" mwalimu akauliza.

"Naenda kupima fremu."

"Na huyu ulimpima?"

Mume wangu alijikuna shingo. Akasema ametengeneza madawati ya shule zaidi ya anayoweza kuyakumbuka, na vipimo vyake havijawahi kulalamikiwa.

"Naamini," mwalimu akasema. "Shuleni wapo wengi, kwa hiyo tunachukua kipimo kimoja tukiombea kiwafae. Tena hiki ni cha sekondari. Hapa yupo mtoto mmoja tu. Hapa mna nafasi ya kumpima."

Mume wangu akanywea. Nami nilitaka kumcheka, nimwambie si ulisema nikuachie. Lakini mkono wangu ukagusa mkanda shingoni. Mchana kutwa napima viuno vya watu, mabega ya watu, urefu wa suruali za watu. Ndani ya nyumba ile tulikuwa wapimaji wawili, na mtoto wetu tulimwachia ajipinde atoshe kwenye mbao. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Basi sisi hata mtoto wetu tulikuwa hatujamnyoa.

Mwalimu hakuishia hapo. Alimwomba Chiriku aandike jina la mchezo anaoupenda. Chiriku anatumia mkono wa kushoto. Dirisha la sebule liko kushoto. Kivuli cha mkono wake kikaangukia karatasi, naye akapinda kichwa ili aone anachoandika.

"Mimi niliambiwa mwanga wa darasani utoke kushoto," mume wangu akajitetea.

"Ndivyo, kwa anayeandika kwa kulia. Kwa huyu ni kinyume chake, utoke kulia, ili mkono usimzibie."

Kisha akauliza daktari alisemaje. Nikamweleza: asikae kwenye vumbi. Mwalimu alitazama boksi la chaki. Akatazama kitambaa kikavu cha kufutia. Mwisho akamtazama mume wangu, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu. Mume wangu naye akajitazama. Akatoka nje, tukamsikia akijikung'uta uani. Aliporudi alikuwa amenawa na amebadili shati, jambo nililomwomba tangu harusi yetu bila mafanikio.

"Tumemtoa kwenye vumbi la barabara," nikasema, "tukamletea jingine nyumbani."

"Mlitaka ajione yuko shuleni," mwalimu akasema. "Si nia mbaya. Lakini hamhitaji kujenga shule. Chiriku, ukitaka kusoma kitu ukipendacho, unakwenda wapi?"

Chiriku alinitazama kwanza mimi, kama anayeogopa kutoa siri. Kisha akashuka kwenye dawati, akatuongoza kwenye korido. Akatuonyesha sofa lililofukuzwa sebuleni. Pale mwisho, chini ya dirisha la uani, nyuma ya mto, alikuwa ameficha kitabu cha hadithi na kile kibiriti alichokisukuma kando. Alikuwa amekisoma.

Nilimshika kichwa.

Mwalimu alikagua mahali pale. Korido yetu inapanuka mwishoni, na hakuna apitaye isipokuwa anayekwenda uani. Mwanga ulikuwa wa kutosha. Redio ilisikika kwa mbali. Cherehani yangu iko mlango wa pili, kwa hiyo mtoto akiniita namsikia.

"Hapa panatosha," akasema. "Mtoto anataka utulivu, lakini hataki kufungiwa peke yake. Sofa lirudi kwa Bibi, maana linashika vumbi. Meza ikae hivi, dirisha liwe kulia kwake."

Mume wangu akaanza kueleza meza atakayotengeneza, yenye droo, yenye nakshi. Mwalimu akamwomba asubiri. Alitaka kwanza tujaribu kwa vitu vilivyomo ndani, kwa sababu si kila nyumba ina seremala, na hata yenye seremala humngoja. Tukaleta meza yangu ndogo ya kupigia pasi na kiti cha jikoni. Kiti kilikuwa kifupi kwa meza, tukakunja blanketi lililofuliwa tukaliweka juu yake. Miguu ikaning'inia, tukaweka chini yake kreti la soda lililopinduliwa. Mwalimu akamwonyesha Chiriku: nyayo zikanyage zote, magoti yakunjike vizuri, viwiko vilale mezani bila kuinua mabega. Chiriku akaandika sentensi nzima. Herufi zilikaa kwenye mstari.

"Ubao je?" nikauliza. "Nitamfundishia wapi?"

"Yuko mmoja, mama. Kaa karibu naye, mwandikie kwenye karatasi."

Karatasi ninazo tele, zile kubwa ninazokatia mifano ya nguo. Nyuma zote ni tupu. Chaki tukaigawa. Sakafu na meza vikawa vinapanguswa kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, maana ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Dawa yake ya kuvuta tukaitundika kwenye mfuko hapo hapo dirishani, na mwalimu akataka kila mtu wa nyumba ajue ilipo na inavyotumika, Bibi akiwemo. Tukaweka rafu ndogo ya chini anayoifikia mwenyewe, yenye vitabu vya siku hiyo tu. Mimi nilitaka kubandika ukuta mzima picha na majedwali. Mwalimu akasema ukuta ukipiga kelele, macho nayo hayatulii. Basi nikabandika jedwali moja.

Kuhusu kukaa muda mrefu, alitucheka kidogo. Mtoto asome kwa kipande, ainuke, anywe maji, arudi. Kipimo akajifunze jikoni anapomimina unga. Akitaka kusomea hadithi kwenye mkeka, asomee kwenye mkeka. Meza ni ya kuandikia, si ya kufungwa.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: wageni. Nilijua nikimwambia mama mkwe, vita itaanza upya. Mwalimu akamgeukia Bibi, akamwambia kuna kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

"Bibi, wewe ndiye unayeheshimiwa na kila anayeingia. Naomba uwe mlinzi wa saa za Chiriku. Yeye awasalimie wageni akimaliza."

Bibi alikunja uso. Nikajua tumekwisha. Kisha akarekebisha kitambaa chake kichwani na kusema yeye hajawahi kushindwa kazi. Kesho yake jirani alipoingia akiuliza yuko wapi mtoto wa mfalme amwulize saba mara nane, Bibi akamjibu, "Mtoto yuko kazini. Kama umeisahau, niulize mimi." Jirani akanywa maji, akaenda zake. Kengele Bibi alikataa kuiacha, tukakubaliana aigonge mara moja tu, masomo yakiisha. Chiriku akaanza kuipenda.

Mume wangu alimpima mtoto jioni ile ile aliyokuja mwalimu. Alimsimamisha korido, akapima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Mimi nikapima kutoka kalio hadi kiwiko. Tulibishana sana, kwa kuwa yeye hupima kwa rula ya chuma na mimi kwa mkanda, na kila mmoja anaona cha mwenzake ni cha uongo. Chiriku alisimama katikati yetu akijizuia kucheka. Meza na kiti vilikatwa karakana, vikapigwa msasa huko huko, vikapanguswa kwa maji ndipo vikaingia ndani. Havikuwa na nakshi. Dawati kubwa sasa liko barazani, wateja wangu hulikalia wakingoja nguo zao, na mume wangu hujifanya halioni.

Sitasema mambo yalibadilika kwa siku moja. Kugawanya kulimtesa hadi karibu na mtihani, na mimi bado nilifoka mara nyingine, kisha nikajikumbusha kutazama miguu yake kabla ya kulaumu kichwa chake. Kikohozi kilipungua. Tumbo la asubuhi lilipotea bila kuaga.

Siku ya majibu mwalimu alikuja mwenyewe, na nyuma yake alikuwa Kidoti. Mwalimu alimwachia Kidoti habari ya kufaulu, naye akapita mbio sebuleni bila kutoa hata salamu, moja kwa moja hadi korido. Tuliwasikia wakipiga kelele pamoja. Bibi alilalamika kuhusu adabu za watoto wa siku hizi, huku anajifuta machozi.

Sasa Chiriku hanyamazi. Anasoma vibandiko, anasoma mabango, anasoma hata maandishi ya ndani ya nguo za wateja wangu na kuwatangazia saizi zao mbele za watu. Natafuta pa kuvuta pumzi sipapati.

Juzi alikwenda hadi mlango wa karakana na kusimama nje, kama alivyofundishwa, vumbi lisimfikie. Baba yake alikuwa na kazi ya haraka, mkuu wa shule amesimama kando yake akingoja madawati.

"Baba," akamwita, "magoti yangu yameanza kugusa meza. Njoo unipime."

Mume wangu akaweka randa chini. Akamwomba mkuu wa shule amsamehe, akaenda kunawa na kubadili shati.